Ajira Matete: kwa nini fungu sawa kwa kila wadi halileti usawa

Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579 katika sensa ya mwaka 2019. Ina maeneo bunge 12 na wadi 60. Ripoti zinapotaja hali ya ajira katika kaunti, kwa kawaida hutoa nambari moja kwa watu wote hao. Nambari hiyo humweka pamoja karani wa afisi mjini Kakamega, mkata miwa wa Malava, mwendeshaji bodaboda wa Lumakanda na kijana wa Lwandeti anayesubiri msimu wa palizi. Kila mmoja ana soko lake la kazi, na mambo yanayomkosesha kazi mmoja si yale yanayomkosesha mwingine.

Makala haya yanaeleza tofauti hizo kwa kutazama Matete, kaunti ndogo iliyo mpakani na Bungoma. Yanaeleza pia ni kwa nini mipango ya serikali ya kuwapa vijana kazi imelaumiwa kwa miaka mingi, lawama zipi zina msingi, na mkaazi anaweza kupeleka hoja yake wapi.

Matete katika hesabu

Matete ni ndogo. Katika sensa ya 2019 ilikuwa na takriban watu 66,000, idadi iliyo chini ya ile ya kila kaunti ndogo nyingine katika Kakamega. Ina wadi mbili, Chevaywa na Lwandeti. Katika utawala wa serikali ya kitaifa inasimama peke yake, lakini kwa upande wa Bunge iko ndani ya eneo bunge la Lugari pamoja na wadi nyingine nne: Mautuma, Lugari, Lumakanda na Chekalini.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini lina uzito katika mipango. Takwimu zinazopangwa kwa kaunti ndogo huipa Matete safu yake. Zile zinazopangwa kwa maeneo bunge huichanganya na Lugari. Lugari yenyewe ina historia tofauti, kwa kuwa sehemu zake nyingi zilikuwa mashamba ya walowezi yaliyogawiwa wananchi baada ya uhuru, na mahindi ya kuuza yamekuwa uti wa mgongo wa uchumi wake tangu hapo. Mpango unaoandikwa kwa ajili ya "Lugari" unaweza kumfaa mkulima wa ekari kumi wa Mautuma na usimguse kabisa kijana wa Chevaywa ambaye shamba la babake limekwisha kugawanywa kwa ndugu wanne.

Nani huhesabiwa kuwa hana kazi

Watu wengi hushangaa wakisikia kiwango cha ukosefu wa kazi nchini ni cha chini kuliko wanavyoona kijijini. Sababu kubwa iko katika maana ya neno lenyewe. Ili mtu ahesabiwe kuwa hana kazi kwa maana ya kitakwimu, ni lazima mambo matatu yatimie: hakufanya kazi ya kipato katika kipindi kilichoulizwa, yuko tayari kuanza kazi, na amekuwa akiitafuta. Aliyefanya kibarua kwa saa chache tu katika wiki hiyo huhesabiwa kuwa ana kazi. Aliyechoka kutafuta na kukaa nyumbani huwekwa nje ya nguvukazi, kwa hivyo hayumo miongoni mwa wasio na kazi.

Mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani, uliongeza jambo jingine mwaka 2013. Ulikubaliana kwamba kulima chakula cha nyumbani ni kazi kwa maana ya jumla, lakini si ajira. Katika eneo kama Matete, ambako karibu kila boma lina kipande cha mahindi na maharagwe, jinsi swali linavyoulizwa inaweza kumhamisha mtu huyo huyo kutoka kundi moja hadi jingine bila maisha yake kubadilika hata kidogo.

Msimu nao hubadilisha picha. Sensa ya 2019 ilifanywa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti, na swali la kazi lilihusu siku saba zilizotangulia. Katika mashamba mengi ya kaskazini mwa kaunti, huo ni wakati ambapo palizi imekwisha na mavuno makubwa bado hayajaanza. Swali hilo likiulizwa mwezi wa Machi au Aprili, wakati wa kupanda, vibarua wengi wangejibu tofauti.

Ripoti za Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) kuhusu nguvukazi kwa kila robo ya mwaka zimeandaliwa kutoa picha ya taifa. Hazikuundwa kueleza hali ya wadi. Kwa hivyo anayepanga kazi za vijana wa Lwandeti kwa kutumia nambari ya taifa, au hata ya kaunti, anapanga kwa kukisia.

Viwanda viko jirani, haviko ndani

Ukisimama soko la Matete, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, uko katikati ya viwanda vingi. Upande wa kusini, Malava, kuna West Kenya, ambacho wengi hukiita Kabras, kilichoanzishwa mwaka 1981, na Butali kilichoanza kusaga miwa mwaka 2011. Ng'ambo ya mto Nzoia, katika kaunti ya Bungoma, kuna kiwanda cha sukari cha Nzoia na kile cha karatasi cha Webuye. Ndani ya Matete yenyewe hakuna kiwanda cha ukubwa huo.

Kwa hivyo ajira ya Matete hupanda na kushuka kulingana na maamuzi yanayofanywa kwingine. Kiwanda cha Pan African Paper Mills, kilichoanza kutengeneza karatasi mwaka 1974, kilifungwa mwaka 2009. Waliopoteza riziki hawakuwa wafanyakazi wa kiwandani pekee. Kulikuwa na waliouza chakula nje ya lango, waliokodisha vyumba, waliokata na kusafirisha miti, na wakulima waliopanda miti wakijua itanunuliwa. Baadhi yao walikuwa wakaazi wa Kakamega waliovuka mto kwenda kazini. Kiwanda kiliuzwa kwa mwekezaji mwaka 2016 kwa Sh900 milioni, lakini mji uliokuwa umejengwa juu ya mshahara wa karatasi haukurudi mara moja kuwa ulivyokuwa.

Sukari ina mtindo huo huo. Mwezi wa Julai 2023, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilisimamisha usagaji wa miwa katika viwanda vya magharibi kwa miezi kadhaa kwa sababu viwanda vilikuwa vinagombania miwa isiyokomaa. Mwaka 2025 usagaji ulisimamishwa tena kwa sababu kama hiyo. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwa kuwa miwa huhitaji takriban mwaka mmoja na nusu ili kukomaa, na kuikata mapema humpunguzia mkulima uzito na kiwanda sukari. Lakini mkataji na mpakiaji hulipwa kwa kazi aliyoifanya. Siku kiwanda kinapofungwa, mapato yake hukatika siku hiyo hiyo, na hakuna mpango wowote wa ajira ulioandaliwa kumpokea.

Tofauti ndani ya kaunti moja

Mji wa Kakamega una afisi za kaunti, hospitali ya rufaa, benki na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Mishahara ya sehemu hizo hulipwa kila mwezi, kuwe na mvua au kiangazi, na huzunguka katika maduka, hoteli, kinyozi na mjengo. Tatizo la kijana wa mjini mara nyingi ni kwamba wenye vyeti ni wengi kuliko nafasi.

Mumias na Matungu zina tatizo jingine. Kampuni ya Sukari ya Mumias, iliyoanza uzalishaji mwaka 1973, ilikuwa mwajiri mkubwa wa eneo hilo kwa miongo mitatu. Iliwekwa chini ya mrasimu mnamo Septemba 2019, kisha ikakodishwa kwa mwekezaji mwishoni mwa 2021. Huko, waliokosa kazi ni pamoja na mafundi wenye ujuzi wa miaka mingi ambao mwajiri wao alianguka.

Kusini, katika maeneo kama Khwisero, mashamba ni madogo na watu ni wengi, na vijana wengi huhamia Kisumu, Nairobi au kwingineko. Kaskazini, Likuyani na Lugari, kuna vibarua vingi vya mahindi wakati wa kupanda na kuvuna, na ukimya katikati.

Matete ina kidogo cha kila moja ya shida hizo: mashamba yanayogawanyika, vibarua vya msimu, na utegemezi wa viwanda vilivyo nje ya mipaka yake. Haina mishahara mingi ya serikali inayozunguka sokoni. Ndiyo maana dawa iliyopikwa kwa ajili ya mjini, au kwa ajili ya Mumias, haiwezi kuitibu.

Mipango iliyokuja, na lawama zake

Tangu mwaka 2006, serikali za kitaifa zilizofuatana zimeanzisha mipango mingi. Hazina ya Vijana ilianza mwaka huo kwa kutoa mikopo ya biashara. Kazi kwa Vijana ilizinduliwa mwaka 2009 ikiwapa vijana kazi za muda za barabara, mitaro na miche. Benki ya Dunia ilisitisha ufadhili wake mwaka 2011 baada ya maswali kuhusu matumizi ya fedha. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Kazi Mtaani ilitengewa Sh10 bilioni katika awamu yake ya pili na kufikishwa katika kaunti zote 47. Hazina ya Hustler ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 kwa mikopo ya binafsi ya kuanzia Sh500 hadi Sh50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mradi wa NYOTA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulilenga kuwapa vijana mtaji wa Sh50,000 kila mmoja, ukianza na vijana 70 katika kila wadi.

Lawama ni nyingi, lakini zikichujwa hubaki tatu.

Ya kwanza ni kwamba mipango mingi hutazama miji. Kazi Mtaani iliundwa kwa ajili ya makaazi duni ya mijini. Sababu ilieleweka, kwa kuwa huko ndiko kafyu na kufungwa kwa biashara kulikouma haraka. Lakini mkaazi wa kijiji cha Lwandeti aliyekuwa akituma mazao mjini, au kutumiwa pesa na nduguye anayefanya kazi mjini, aliumia pia, na hakuwa katika ramani ya mpango.

Ya pili ni kwamba mkopo haumtengenezei mtu mnunuzi. Mkopo humsaidia mwenye biashara ambayo tayari ina wateja na imepungukiwa na mtaji. Katika soko ambalo wateja wenyewe wamekosa pesa kwa sababu kiwanda kimefungwa, mama mboga wa kumi na moja hugawana wateja wale wale na wale kumi waliotangulia. Ndivyo ilivyo kwa bodaboda pia: kila pikipiki mpya stendi hupunguza safari za zile zilizokuwapo.

Ya tatu ndiyo inayogusa Matete zaidi, nayo ni fungu sawa. Kugawa nafasi kwa usawa wa wadi kuna faida kubwa: ni rahisi kueleza, ni vigumu kuchezewa, na hakuna wadi inayosahaulika. Lakini fungu sawa hudhani kwamba haja ni sawa. Vijana 70 kwa kila wadi ni 4,200 katika kaunti nzima, na 140 katika Matete. Wadi yenye hospitali, benki na chuo hupata 70, na wadi ambayo kiwanda kilichoitegemeza kimesimama hupata 70. Baada ya ugawaji, pengo kati ya wadi hizo linabaki pale pale lilipokuwa.

Wanaotetea ugawaji huo nao wana hoja ya kusikilizwa. Wanasema kwamba bila takwimu za kuaminika za kila wadi, kugawa kwa haja kutakuwa kugawa kwa kelele: wadi yenye wanasiasa wenye sauti itajitangaza kuwa maskini zaidi. Jibu la hoja hiyo ni kutafuta takwimu. Zikikosekana kila mwaka, fungu sawa litaendelea kuwa njia pekee iliyo salama.

Kazi ya kaunti ni ipi?

Wakaazi wengi huielekezea kaunti lawama zote za ukosefu wa ajira, na wengine huielekezea serikali ya kitaifa zote. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa majukumu. Viwango vya kazi, elimu ya vyuo vikuu na sera ya uchumi wa taifa viko chini ya serikali ya kitaifa. Vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo, masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika na barabara za kaunti viko chini ya kaunti. Kufungua au kufunga kiwanda cha sukari si uamuzi wa kaunti. Kufundisha fundi, kufungua barabara ya kupeleka maziwa sokoni na kuamua nani anapewa kandarasi ya kuijenga ni kazi ya kaunti.

Kandarasi ni eneo ambalo sheria tayari imesaidia nusu ya njia. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inataka asilimia 30 ya zabuni zitengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na angalau asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti uende kwa wakaazi wa kaunti hiyo. Lakini sheria inasema wakaazi wa kaunti, haisemi wa kaunti ndogo. Kampuni ya vijana yenye afisi mjini Kakamega inaweza kushinda zabuni ya kalavati za Chevaywa, ikaja na vibarua wake, ikamaliza na kuondoka. Sheria imefuatwa, na Chevaywa imepata kalavati, lakini vijana wake walitazama tu wakati zikijengwa.

Mambo matatu yanayoweza kubadilika

Kwanza ni kuhesabu karibu zaidi. Wasimamizi wa wadi na wazee wa vijiji wanajua ni nani anayefanya kibarua, mwezi gani, na kwa nani. Orodha ya wadi inayosasishwa wakati wa kupanda na tena wakati wa ukimya ingeipa kaunti msingi wa kugawa kwa haja. India, kupitia sheria ya mwaka 2005, iliwapa watu wa vijijini haki ya siku 100 za kazi za umma kwa kila familia kwa mwaka, na familia zilijiandikisha katika mabaraza ya vijiji vyao. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, zikiwemo malipo kuchelewa, lakini uliweka msingi kwamba anayehitaji kazi ndiye anayeiomba.

Pili ni kupanga kwa soko la kazi badala ya mpaka. Nchini Uingereza, watakwimu huchora maeneo kwa kufuata watu wanakoishi na wanakokwenda kazini, kwa sababu mpaka wa utawala hausimamishi mfanyakazi. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya Matete na mji wa Webuye zingekuwa eneo moja. Katiba, katika kifungu cha 189, inaruhusu serikali za kaunti kuunda kamati za pamoja, na Kakamega na Bungoma zote ni wanachama wa jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za eneo la ziwa. Mafunzo ya ufundi yanayotolewa Matete yanaweza kupangwa kulingana na mashine zilizoko Webuye na Malava.

Tatu ni kuweka masharti katika kandarasi ndogo. Hati ya zabuni inaweza kueleza, kwa njia inayokubalika kisheria, kwamba vibarua wasiohitaji ujuzi maalumu watatoka katika wadi ya mradi. Kazi ya mitaro na ya kusafisha soko inaweza pia kupangiwa miezi ya ukimya wa mashamba, ili isishindane na palizi na mavuno.

Mkaazi anaweza kufanya nini

Bajeti ya kaunti ina tarehe zake kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Maoni yanayotolewa kabla ya Septemba yana nafasi kubwa zaidi ya kuingia katika mpango. Maoni ya mwezi wa Mei hukuta fungu limekwisha kugawanywa. Hoja ifaayo zaidi ni ile inayotaja mahali, idadi na mwezi: barabara fulani, vijana wangapi, kazi ifanywe lini.

Fundi aliyejifunza kazi bila kupitia chuoni anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, wenye daraja la III, la II na la I, na kupata cheti kinachotambuliwa na waajiri na wakandarasi.

Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinaweza kusajili biashara zao katika mpango wa AGPO ili kuomba zabuni zilizotengwa. Kikundi kilichosajiliwa Matete kinaweza kuomba kalavati za Matete, ingawa si chenyewe pekee kinachoruhusiwa kuziomba.

Anayeomba kazi hapaswi kulazimika kulipia vyeti vyote vya uthibitisho, kama kile cha maadili mema au cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kabla hajapata nafasi. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamruhusu mwajiri kuvidai pale tu anapokusudia kumwajiri mwombaji.

Kazi za serikali ya kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na fomu ya maombi haiuzwi. Anayedaiwa pesa ili jina lake lipelekwe mbele aripoti kwa msimamizi wa wadi au kwa afisi ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.